Dar inahitaji uwanja wa mpira mtupu, usio na tartani (njia ya riadha), wa watu 30,000. Tujadili kwa vipimo

#1 KipimoSahihi
Wakuu, salaam.

Jiji hili lina Simba, Yanga, Azam na KMC, lakini halina uwanja wa mstatili unaozidi watu 10,000. Ninaposema mstatili namaanisha uwanja wa mpira mtupu, jukwaa linafuata mstari wa uwanja pande zote nne. Azam Complex pale Chamazi ni wa aina hiyo na unabeba 10,000. KMC Complex pale Mwenge ni mdogo. Kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa, ni 60,000, ila una tartani ya njia nane. Kati ya ukubwa huo kuna Shamba la Bibi (Uwanja wa Uhuru), nao ulijengwa kwa shughuli zote, gwaride na riadha humohumo.

Hesabu za tartani ziko wazi. Njia ya mita 400 ya kawaida ina nyoofu mbili za mita 84.39 na kona zenye nusu kipenyo cha mita 36.5. Ongeza njia nane za mita 1.22 kila moja, unapata urefu wa mita 176.91 na upana wa mita 92.52. Uwanja wa mpira ni 105 kwa 68. Kwa hiyo shabiki wa mzunguko (siti za bei ya chini) nyuma ya goli, hata akikaa siti ya kwanza kabisa, yuko zaidi ya mita 35 kutoka mstari wa goli. Kwenye uwanja wa mstatili angekuwa mita 10. Ubavuni tofauti ni ndogo, mita 12 na ushee dhidi ya mita 8.5.

Ndiyo maana mechi ya ligi ikichezwa kwa Mkapa na watu 8,000, inaonekana kama mazoezi. Na tartani hiyohiyo ndiyo inafanya vichwa vya waliokaa mbele vizibe wa nyuma. Tunahitaji 30,000 mstatili. Nawasilisha.

#2 Mnyama_Mbagala
Mkuu nakubali vipimo, sikubali sababu. Tarehe 20 Oktoba 2023 Simba na Al Ahly walifungua African Football League palepale kwa Mkapa, 2-2, na uwanja ulitetemeka. Tartani ilikuwepo. Watu wakijaa, kelele inajaa. Wasipojaa, hata ukiwaweka mita 3 kutoka kibendera cha kona, ni kimya. Kwa Mkapa hatoki mtu!

#3 Mwananchi_Jangwani
#2 hatoki mtu wakati fainali yenyewe ilitoka ikavuka bahari 😀 Mei 2025 fainali ya marudiano ya Kombe la Shirikisho Afrika, nyinyi Simba na RS Berkane, CAF (shirikisho la mpira Afrika) waliihamishia Amaan, Zanzibar, kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea baada ya mvua. Hapo ndipo hoja ya mleta uzi ilipo, kuliko hata habari ya kelele. Jiji lenye watu zaidi ya milioni 5 lilikosa uwanja wa akiba wa hadhi hiyo. Chamazi ni mdogo kwa fainali, na katikati hapakuwa na kitu.

#4 FundiZege
Nirekebishe jambo moja kwa #1 kabla halijaenea. Tartani haisababishi vichwa kuziba. Ni kinyume chake.

Wasanifu wa viwanja wanatumia kipimo kinachoitwa C. Ni urefu wa mstari wa macho yako unapopita juu ya macho ya aliyekaa mbele yako. Milimita 90 ni nzuri, 60 inavumilika, chini ya hapo unatazama kisogo. Kanuni yake:

C = (D × N − R × T) ÷ (D + T)

D ni umbali wa mlalo kutoka macho ya aliye mbele yako hadi mstari wa uwanja, R ni kimo cha macho yake juu ya uwanja, N ni kimo cha ngazi moja, T ni upana wa ngazi.

Chukua safu ambayo macho ya aliye mbele yako yapo mita 8 juu ya uwanja, ngazi ina upana wa sentimita 80, na unataka C ya milimita 90. Ukiwa mita 40 kutoka mstari, ngazi ya sentimita 25 inatosha. Ukiwa mita 20, ngazi lazima iwe sentimita 41. Maana yake uwanja wa mstatili unadai jukwaa lenye mwinuko mkali zaidi, nguzo ndefu zaidi, zege na nondo nyingi zaidi. Wakijenga mstatili kwa mwinuko wa uwanja wa tartani ili wabane gharama, hapo ndipo vichwa vitaziba kwelikweli.

Tartani inachoharibu ni ukubwa wa mchezaji machoni. Kutoka siti hadi kona ya mbali inashauriwa usivuke mita 150, na mwisho kabisa 190. Mtu wa juu nyuma ya goli kwenye uwanja mkubwa wa tartani anasogelea kikomo hicho, anaona jezi, namba haioni.

#5 KipimoSahihi
Asante #4, hesabu safi. Lakini umeniongezea hoja: mwinuko mkali ndio unaoleta ile hali ya ukuta wa watu. Sentimita 41 kwa 80 ni kama nyuzi 27, bado iko salama. Kikomo kinachokubalika ni nyuzi 34.

#6 Tartani8
Naomba kutofautiana na wote. Kila mwaka anatokea mtu anataka tartani iondoke. Nchi hii Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch, 3:32.2. Septemba 2025 Alphonce Simbu kachukua dhahabu ya marathoni Tokyo. Sasa tunajadili kupunguza sehemu za kukimbilia?

#7 Mnyama_Mbagala
Marathoni inakimbiwa barabarani mkuu, Simbu hakuhitaji siti 60,000 😀

#8 Tartani8
#7 mkimbiaji wa marathoni anajenga kasi kwenye mita 400, anarudia mita 1,000 mara nyingi kwa saa ya mkononi. Barabarani huwezi kupima hivyo kwa uhakika, kuna miteremko na bajaji. Na mashindano ya shule, kuruka chini, mkuki, kisahani, hayo yote yanaishi ndani ya uwanja wa tartani.

Nakubaliana na #1 mahali pamoja tu: jengeni wa mpira pembeni, kwa Mkapa muachieni riadha na mambo ya kitaifa. Asitokee mtu wa kusema tuchimbe tartani.

#9 DiniYaHesabu
Mimi ndiye huyo mtu.

Manchester walifanya hivyo. Uwanja ulijengwa kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2002 ukiwa na tartani, michezo ilipoisha wakaing'oa, wakachimba uwanja ukashuka, wakaongeza jukwaa la chini, na 2003 Manchester City wakahamia. Kwa Mkapa tayari una paa, taa, maegesho na barabara pande zote. Kwa nini tujenge mwingine wakati tunaweza kushusha eneo la kuchezea mita 5 au 6 na kuleta siti hadi mita 10 kutoka golini?

#10 FundiZege
#9 Manchester walipanga uchimbaji huo tangu michoro ya kwanza. Msingi wa jukwaa uliwekwa ukijua kwamba mbele yake patachimbwa. Ukichimba mbele ya msingi ambao haukupangiwa hivyo, unauondolea udongo unaoubana, nao unaanza kusogea kuelekea shimoni. Itabidi nguzo za kuzuia udongo zichimbiwe mzunguko mzima kabla ya kijiko kuingia.

Halafu hesabu ya udongo. Mita 177 kwa 93 kwa kina cha 6 ni karibu mita za ujazo 98,800. Udongo ukichimbwa unavimba, tuseme asilimia 25, unafika 123,500. Tipa la mita za ujazo 15 litatoka mara 8,200 na kitu. Yote hayo kupitia Mandela Road yenye malori ya bandari.

Na maji je? Hapa ni pwani. Kabla ya lolote unachimba visima vya kupimia kona nne na katikati, unasoma kina cha maji masika na kiangazi, mwaka mzima. Shimo likifika chini ya usawa wa mitaro ya mtaa, maji hayatoki yenyewe tena, ni pampu. Mvua ya milimita 100 kwa siku juu ya shimo hilo ni mita za ujazo zaidi ya 1,600. Kuzitoa ndani ya saa 6 unahitaji pampu za lita 76 kwa sekunde, na pampu za akiba, na jenereta ya pampu. Umeme ukikatika siku ya mvua, umejenga bwawa.

#11 Mwananchi_Jangwani
Umeme tena... Aprili 2023 Yanga na Rivers United, taa zilizimika kwa Mkapa mpira ukasimama. Kabla ya kuchimba chochote, njia mbili za umeme kwanza.

#12 TaaMnara
Kwa #11, kwa faida ya wengi. Njia mbili za umeme hazitoshi. Taa za gesi za aina ya zamani zikizimika hata kwa sekunde moja haziwaki tena hadi balbu ipoe, dakika 10 mpaka 15. Jenereta inaweza kuingia ndani ya sekunde chache na bado mkakaa gizani. Tiba ni taa za LED, ambazo zinawaka papo hapo, na betri za kushikilia mzigo hadi jenereta ishike. Uwanja mpya wowote uanze hivyo.

#13 MlindaNyasi
Nimesoma kuanzia juu. Tatizo la #3 (fainali kuhamia Zanzibar) watu wanaliita upungufu wa viwanja. Mimi naliona ni tatizo la sentimita 40 za chini ya nyasi.

Eneo la kuchezea linalopitisha maji linajengwa hivi, kutoka chini: udongo ulioshindiliwa kwa mteremko, mabomba yenye matundu ya milimita 100 ndani ya mitaro kila baada ya mita 10, kokoto safi sentimita 10, kisha mchanga sentimita 30 ambao mizizi inakaa. Likiwa jipya linatakiwa kumeza milimita 150 za maji kwa saa.

Linavyoharibika: mchanga haukuoshwa, una tope. Jaza chupa ya maji nusu mchanga, tikisa, iache usiku kucha. Ukikuta tabaka nene la tope juu, rudisha tipa. Pili, fundi anarudishia mabaka kwa udongo mwekundu. Kila baka linakuwa kizibo. Tatu, matamasha: jukwaa la muziki na malori vinakandamiza mchanga hadi unakuwa kama sakafu. Nne, hakuna kuchoma matundu. Mashine ya meno iingie angalau sentimita 20, kisha mchanga uleule wa awali umwagwe juu na kupigwa ufagio. Usipofanya, mmezo unashuka hadi milimita 25 kwa saa au chini yake, na mvua moja ya Aprili inaacha madimbwi.

Nyasi asilia zinavumilia saa 4 mpaka 6 za mchezo kwa wiki. Timu mbili kubwa, timu ya taifa, michezo ya Afrika, matamasha na shughuli za dini kwenye uwanja mmoja, hakuna nyasi itakayohimili. Uwanja wa pili unasaidia kwa kupunguza saa hizo. Lakini mkiujenga kwa mchanga mchafu, mtakuwa na viwanja viwili vya kuhamisha fainali.

#14 BombaKubwa
#13 mabomba kila mita 10 ni ya uwanja wa shule. Kwa mvua za Dar na mchanga wa sentimita 30, weka kila mita 5. Gharama ya mabomba inapanda mara mbili, lakini bomba ndilo la bei rahisi kuliko vyote ulivyotaja. Mengine yote naunga mkono.

#15 MlindaNyasi
#14 mita 10 inafanya kazi kama kokoto zimefunika chini kote, maji yanakimbilia bombani kupitia kokoto. Mita 5 ni lazima pale ambapo kokoto ziko ndani ya mitaro peke yake.

#16 BombaKubwa
Kwenye karatasi, ndiyo. Kokoto zikiziba sehemu moja, mita 10 inakuachia dimbwi la upana wa boksi la kipa. Mita 5 inakupa nafasi ya kukosea.

#17 Mama_Changombe
Habari za jioni. Mnahangaika na nyasi na mwinuko, mbona hamtaji mageti? Mei 2023, Yanga na USM Alger, mtu mmoja alifariki na wengi wakaumia kwenye msukumano wa kuingia. Kwa sisi majirani, hilo ndilo swali la kwanza kuhusu uwanja wowote mpya, uwe mstatili uwe duara.

#18 GetiNamba5
Mama #17 umegusa penyewe.

Geti moja la kuzungusha linapitisha watu wasiozidi 660 kwa saa, kila kitu kikiwa sawa. Watu 60,000 ndani ya saa moja ni mageti 91. Watu 30,000 ni mageti 46. Kutoka nako kuna hesabu: upana wa mita moja kwenye sakafu ya usawa unapitisha watu 82 kwa dakika, kwenye ngazi 66. Ukitaka watu 30,000 watoke kwa ngazi ndani ya dakika 8, unahitaji jumla ya mita 57 za upana. Geti moja likifungwa kwa mnyororo "kwa usalama", unaondoa upana huo kwenye hesabu na mzigo wote unahamia geti la jirani.

Kinachoharibu zaidi kwetu ni kadi yenye tiketi kukataa getini. Tiketi haikununuliwa, au salio halikuingia, mtu anasimama mbele ya mashine anabishana, nyuma wanasukuma, na hawezi kurudi. Kila geti liwe na kijia cha pembeni cha kumtoa mtu huyo bila kurudi kinyume na umati. Na ukaguzi wa kwanza wa kadi uwe mita 50 au zaidi kabla ya geti, mtu asiye na tiketi asifike kabisa kwenye mashine.

Hapa ndipo naungana na mleta uzi kwa njia nyingine: mechi ya watu 25,000 ikichezwa kwenye uwanja wa 60,000, waendeshaji wanafungua mageti machache ili kubana gharama za wasimamizi. Foleni inakuwa kubwa kuliko siku uwanja umejaa. Uwanja wa 30,000 unalazimika kufungua yote.

#19 Mnyama_Mbagala
#18 hilo sasa ni suala la uongozi. Wafungue mageti yote kwa Mkapa. Haihitaji hata mfuko mmoja wa saruji.

#20 DiniYaHesabu
Turudi kwenye pesa, maana #1 amekwepa. Uwanja wa AFCON kule Arusha ni wa watu 30,000, ukubwa uleule anaoutaka, na mkataba wake ni zaidi ya shilingi bilioni 280. Ligi Kuu ina timu 16, kila timu inacheza nyumbani mara 15. Tuseme Simba na Yanga wote wanahamia hapo, mechi 30. Tuseme wastani ni watu 12,000 na tiketi ya mzunguko ni shilingi 5,000. Hiyo ni milioni 60 kwa mechi, bilioni 1.8 kwa mwaka. Gawanya: miaka 155, kabla hujalipa umeme, walinzi na nyasi za #13.

#21 KipimoSahihi
#20 umeacha VIP, mechi za Afrika, matangazo ya pembeni, maduka na vyumba vya mashirika. Uwanja wa mstatili unauza vyumba kwa bei nzuri kwa sababu mteja yuko karibu na mchezo.

#22 DiniYaHesabu
Weka vyote, zidisha mara nne. Ni miaka 39, na bado matunzo. Mimi siwezi kuweka sahihi hapo. Na ukweli mwingine: Azam Media wana mkataba wa miaka 10 wa haki za ligi tangu 2021, shilingi bilioni 225.6. Mechi zote sebuleni. Siti tupu zimetokana na king'amuzi na saa za mechi, sio mita 35 za nyuma ya goli. Mechi ya Jumatano saa 10 jioni, mfanyakazi wa Posta anafikaje Temeke?

#23 Mwananchi_Jangwani
Basi uwanja uje katikati ya jiji, Jangwani! Mtu anatoka Kariakoo kwa miguu.

#24 BombaKubwa
#23 Jangwani ni bonde la Msimbazi. Mto ukijaa umewahi kufika hadi karakana ya mwendokasi. Kuinua hekta 8 kwa mita 2 ni mita za ujazo 160,000 za kifusi. Na maji uliyoyanyima nafasi hapo hayapotei, yanapanda kwa majirani, Kigogo na Magomeni. Njia inayowezekana ni uwanja juu ya nguzo, chini pawe wazi maji yapite, pawe maegesho wakati wa kiangazi. Inajengeka, ila bei ya #20 isahau, itazidi. Na nyasi juu ya zege zinahitaji mfumo wake wa maji tofauti kabisa.

#25 MsanifuPwani
Nimechelewa. Niongeze mawili ambayo hayajatajwa.

La kwanza ni mwelekeo. Magoli yawe kaskazini na kusini. Mechi zetu nyingi ni saa 10, jua liko magharibi, kipa asilitazame. Jukwaa kuu likae magharibi, watu wapewe jua la mgongoni. Kiwanja kisichoruhusu mwelekeo huo kikataliwe mapema, hata kama ni cha bure.

La pili ni kivuli na upepo. Kwenye uwanja wa mstatili jukwaa liko karibu, kwa hiyo kivuli kinaingia ndani. Paa lenye kimo cha mita 20 likiwa mita 8.5 kutoka mstari, jua la nyuzi 45 linaleta kivuli mita 11.5 ndani ya uwanja. Dar ina bahati, jua la mchana linapita karibu na utosi mwaka mzima, hatuna shida ya Ulaya ya kuwashia nyasi taa. Shida yetu ni unyevu. Ukifunga kona zote nne, upepo wa bahari haupiti, umande unakaa hadi saa 4 asubuhi, kuvu wanaanza upande wa jukwaa la mashariki, ambako jua la asubuhi linachelewa. Kona ziachwe wazi. Utapoteza siti, utapata nyasi.

Ukubwa: eneo la ndani 125 kwa 85, majukwaa ya mita 35 kila upande, jumla mita 195 kwa 155. Ni hekta 3 za jengo tu. Ukitaka uwazi wa watu kusimama nje kabla ya mageti ya #18, usikubali chini ya hekta 8.

#26 Mnyama_Mbagala
Kwa nini tusipanue Chamazi tu? Upo, ni mstatili, wapandishe hadi 20,000.

#27 KondaMbande
#26 siti zitapanda, barabara je? Kutoka Mbagala Rangi Tatu kuingia Mbande magari yote yanategemea barabara moja. Tuseme 12,000 kati ya hao 20,000 wanarudi kwa magari ya umma. Coaster inabeba 30, ni safari 400. Likitoka gari moja kila sekunde 20, ni zaidi ya saa mbili kumaliza watu, na hiyo ni kama hakuna bodaboda aliyesimama katikati. Basi refu la mwendokasi linabeba 150, ni safari 80, lakini njia yake inaishia Rangi Tatu. Leteni njia hiyo hadi Mbande kwanza.

#28 Tartani8
#25 kwenye hekta 8 zako, umeweka uwanja wa kupashia misuli? CAF wanataka sehemu ya mazoezi, na hapo nje mngeweza kuweka njia sita za mita 100, watoto wa Temeke wafanye mazoezi siku zisizo na mechi.

#29 MsanifuPwani
#28 njia sita za mita 100 pamoja na sehemu ya kusimamia baada ya kumaliza ni mita 130 kwa 8 hivi. Inaingia upande wa mashariki, nje ya mageti. Uwanja kamili wa mazoezi hauingii, huo unadai hekta nyingine moja na zaidi.

#30 DiniYaHesabu
Hekta 9 sasa. #1, kiwanja hicho kiko wapi?

#31 KipimoSahihi
Kigamboni au Kibamba, katikati ya jiji hupati. Kigamboni kuna daraja na kivuko, Kibamba kuna Morogoro Road iliyopanuliwa. Mimi nachagua Kibamba.

#32 KondaMbande
Kibamba mechi ya saa 1 usiku, mtu wa Mbagala analala wapi?